Tetea wa Kibokoni Aliyewika

Jumatatu, 3 Agosti 1964
Nimenunua kuku wa pambo! Baharia wa meli ya Ulaya kaniuzia. Si mkubwa kuliko njiwa aliyeshiba. Kifua mbele, mbawa zimeinama, na kila unyoya wa dhahabu umetiwa wanja ukingoni. Mkia mfupi, hauna manyoya marefu ya kupinda. Ni tetea, nikalitangazia baraza. Jirani yangu Taib, mfuga kuchi, wale kuku warefu wa kupigana, akauliza kama nina hakika. Nikaapa kwa elimu yangu yote.

Jumatano, 5 Agosti
Tetea amewika! Na mbele ya nani? Mama mkwe, Bi Mwanabaraka, aliyekuja kukaa nasi. Akasema tetea awikaye ni kisirani. Ijumaa achinjwe, balaa lisije likatuingilia. Nikadai aliyewika ni mimi, nasafisha koo. Akanitazama kwa huruma, akamwagiza mke wangu anichemshie tangawizi.

Alhamisi, 6 Agosti
Nimemfunika kwa kapu, na kikoi juu. Akawika humo humo. Nikakohoa kwa nguvu. Tangawizi tena!
Taib kaniita kando. "Jamaldin ndugu yangu, hebu mtazame kichwani. Tangu lini mwanamke akavaa kilemba? Huyo jogoo! Wako kuku ambao madume yao huvaa manyoya ya kike. Sema neno, aokoke."
Neno lenyewe chungu. Na kile kiapo cha barazani?

Ijumaa, 7 Agosti
Bi Mwanabaraka kanikabidhi kisu; mwanamume wa nyumba ni mimi. Nikamwelekeza kuku kibla. Akadhani namlisha, akakidonoa kiganja changu kutafuta mchele wake wa kila asubuhi. Nikakiweka kisu chini.
"Mama, ni jogoo! Nilikosea!"
Mtaa mzima ulisikia. Baraza likavunjika mbavu. Bi Mwanabaraka akakichungua kile kilemba cha nyama kichwani, akasema, "Mwanangu, si ungelisema tangu juzi, tangawizi yangu ikabaki?"
Jogoo kalala mapajani mwangu hadi Magharibi. Sikusimama hata mguu ulipokufa ganzi.

Jumapili, 9 Agosti
Bwana Allarakha, mwenye duka Bondeni, hakuwapo Ijumaa, alhamdulillahi. Kaniletea bata wake nimwambie ni dume au jike. Nikamkagua: sauti nene, mwendo wa kiungwana. Dume, nikaapa, na jina nikampa Sultani. Nikiwa katikati ya kufafanua hoja zangu, Sultani akataga.
Nikamweleza Bwana Allarakha kwamba kwa madume wa nasaba bora jambo hili hutokea.