Lita Arobaini za Kunyamazisha Kompyuta

Bundi Mithika alipanda Kianjokoma kubadilisha kioo cha simu tu. Kama Mzee Njura angenyamaza dakika tano, huenda Bundi angemaliza kazi, akalipwa, akateremka Embu mjini akiwa amekaa mwaminifu asubuhi nzima. Jambo kama hilo halikuwa limemtokea tangu ahame Maua, kule Meru.

Lakini Mzee Njura hakunyamaza. Alikuwa na duka la jumla pale sokoni, alikuwa mzee wa kanisa, na kwa miaka mitatu alikuwa akijirekodi nyimbo za injili katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, kwa kompyuta ya mezani aliyouziwa ikiwa kuukuu. Ukiiwasha, feni yake ililia kama kinu cha kusaga mahindi. Kila wimbo wa Mzee Njura kwa hiyo uliimbwa na wawili, yeye na feni.

"Hebu sikia hii," alimwambia Bundi humo chumbani, akabonyeza.

Bundi alisikiliza kwa heshima, kichwa kimeinama. Kusema kweli, kati ya waimbaji wale wawili, aliyekuwa akishika sauti vizuri ni feni.

"Redio tatu zimenikataa," alisema mzee. "Ati wimbo una kelele. Ni hii kitu tu!" Akakipiga kisanduku kofi.

Bundi aliinama kutafuta mahali pa kuchomeka chuma chake cha kuchomea, akainua pembe ya turubai nyuma ya magunia ya pumba. Chini yake palikuwa na mitungi ya manjano ya mafuta ya kupikia, ya lita ishirini ishirini, imepangwa mpaka ukutani, vifuniko havijafunguliwa. Nusu saa iliyopita, dukani, alikuwa amemsikia mzee huyuhuyu akimwambia mama mmoja mwenye kikombe: "Mafuta hakuna, Kagure. Imeisha nchi nzima."

Huo ulikuwa mwaka wa 2022, bei ya mafuta ilipopanda hadi watu wakaanza kuyaongelea kwa sauti ya chini kama watu wa familia waliolazwa hospitali. Bundi aliishusha turubai taratibu, kwa adabu ya mtu anayefunika mtoto aliyelala.

"Mzee," alisema, "hii kompyuta si mbovu. Ina joto."

"Joto? Na hii baridi yetu?"

"Joto ya ndani. Ubongo wake ukifanya kazi unashika moto. Feni inakimbia kuupoza, na ikikimbia inapiga kelele. Ukitaka inyamaze, lazima uipoze na kitu isiyo na mdomo."

"Kama maji?"

"Maji itaiua, na wewe pia. Ni mafuta. Mafuta haipitishi umeme. Huko Japani kompyuta zote za studio zinakaa ndani ya mafuta."

Ukitoa hiyo Japani, maneno hayo yalikuwa kweli. Bundi alikuwa ameona kwenye simu kijana wa nchi za mbali akizamisha kompyuta yake ndani ya mafuta, ikafanya kazi kimya. Uongo wa Bundi siku zote ulikuwa na ukweli ndani yake, kama nyama katika sambusa za stendi: kidogo, lakini ipo.

"Mafuta gani hayo?" aliuliza Mzee Njura.

"Ya kupikia, safi. Lakini siku hizi utaipata wapi? Wacha tuseme tu imeshindikana." Bundi akaanza kufunga mkoba wake.

Mzee Njura alikohoa. Akatazama magunia ya pumba, akatazama dari, akakohoa tena. "Inahitaji ngapi?"

"Lita arobaini."

"Na wewe unataka malipo gani?"

"Mimi? Sitaki hata shilingi. Nataka tu Kenya isikie sauti yako."

Macho ya Mzee Njura yalilowa. Mlangoni, mkewe Ciakuthii alikuwa akichambua njahi kwenye ungo. Aliinua macho, akamtazama Bundi mara moja, akarudi kwenye njahi zake.

Kazi ilichukua siku tatu, na siku hizo Bundi alifanya kazi ya haki, kwa sababu alikuwa fundi kweli, ila ufundi ulikuwa haumlishi. Alipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, likatoka vumbi la kutosha kupandia kitunguu. Akaichukua kabati ndogo ya vioo ambayo dukani ilikuwa ikiwekwa mandazi, akaziba pembe zake zote kwa gundi ya silikoni, akaijaza maji usiku mmoja kuona kama inavuja, akaikausha. Kisha akaushusha ndani ubao mzima wa kompyuta, pamoja na nyaya zake.

Ilibaki diski. Diski haiwezi kuzamishwa, kwa sababu ina kitundu cha kupumulia, na ukiifunga kwenye chuma inatetemesha meza nzima. Bundi akaamua kuining'iniza hewani juu ya kabati.

"Mama," alimwita Ciakuthii, "unaweza kupata raba ya kuvutika, ile ya nguo?"

Ciakuthii aliingia chumbani, akarudi na ukanda mrefu mweupe.

"Hiyo si ya ile kamisi yako ya harusi?" aliuliza Mzee Njura.

"Ilikuwa imelegea," alijibu mkewe.

Basi diski ikalala katika bembea ya kamisi, na mitungi miwili ya mafuta ikamiminwa. Bundi akafanya ishara ya msalaba, ingawa hakuwa Mkatoliki, akabonyeza swichi.

Hakuna kilichosikika. Taa ya kijani iliwaka ndani ya mafuta. Feni ndogo ilizunguka polepole, ikiyakoroga kama mwiko kwenye sufuria. Nje, kuku alikwaruza ukuta, wakamsikia vizuri kabisa. Aliyeshtuka kuliko wote ni Bundi, maana ilikuwa mara ya kwanza kitu alichomwahidi mtu kitokee.

Mzee Njura alisimama mbele ya kipaza sauti, akaimba beti zote nne. Wakacheza wimbo. Feni haikuwemo. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, mzee alikuwa peke yake.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, "Huyo ni nani?"

"Ni wewe, Baba Rwamba," alisema mkewe.

Mzee alikaa chini. Bundi, ambaye moyo wake haukuwa wa jiwe, alimwonea huruma. Ilimchukua dakika moja nzima kuishinda.

"Ni mafuta, mzee," alisema. "Hii ya kwanza ni mbichi, inakwaruza sauti. Sauti inachujwa pole pole. Tukibadilisha mafuta kila Jumatatu, mwezi ukiisha itakuwa imetakata."

"Ile itakayotoka tutafanya nini nayo?"

"Hiyo itakuwa imeingia umeme. Ni sumu. Ng'ombe akilamba tone moja, kwisha. Mimi mwenyewe nitaenda kuizika mbali."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Kuanzia hapo kila Jumatatu Bundi alipanda Kianjokoma kwa bodaboda. Alimtoa mzee chumbani, akimweleza kwamba mwili wa mwimbaji una umeme mwingi. Akajifungia ndani na mitungi miwili mipya, akagongagonga kabati kwa kijiko, akacheza karata kwenye simu robo saa. Mafuta yaliyokuwa ndani ya kabati hakuyagusa. Alipaka mitungi ile mipya masizi, akatoka nayo akiwa amekunja uso, mikono ameinyoosha mbali na mwili.

Mazishi yalifanyika Embu mjini, nyuma ya soko, kwenye kibanda cha chipsi cha Karwirwa. Karwirwa naye alikuwa mtu wa Meru, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha trela, na hakuuliza mafuta yametoka wapi. Aliuliza bei, na bei ilimpendeza.

Kila Jumanne Ciakuthii alifuta vioo vya kabati. Wiki ya kwanza aliona nzi amezama kwenye mafuta, miguu juu, karibu na waya mwekundu. Wiki ya pili mafuta yalikuwa yamebadilishwa, na nzi alikuwepo, miguu juu, karibu na waya mwekundu. Wiki ya tatu alikwenda kuchukua miwani yake. Nzi alikuwa yuleyule.

Hakumwambia mumewe. Angemwambia nini? Mzee alikuwa akishinda chumbani akiimba, na kila Jumatatu jioni alisema sauti imeanza kufunguka. Lililomuuma Ciakuthii lilikuwa jingine. Kagure alikuwa amerudi mara ya pili na kikombe chake, akaambiwa tena hakuna, na Jumapili akakaa benchi moja na Ciakuthii kanisani, wakashiriki kitabu kimoja cha nyimbo. Ciakuthii hakuweza kuugeuza ukurasa.

Jumatatu ya nne Bundi alikuta mitungi miwili imeshatolewa, iko ukumbini imefungwa vizuri.

"Leo nimekusaidia kuandaa," alisema Ciakuthii.

Bundi alifungua mmoja, akachovya kidole, akasugua. Mafuta. "Asante sana, mama. Ungekuwa fundi mzuri wewe."

"Unafikiria?" alisema Ciakuthii.

Jumatano Karwirwa alikuwa na chipsi za watu wa ruracio, sherehe ya kupeleka mahari, wageni mia moja, na mafuta ya zamani yalikuwa yamemwishia. Alimwita Bundi amsaidie kuinua mtungi. Kwa bahati karai lilikuwa bado halijawekwa motoni. Mafuta yalitoka, manjano mazuri, lita moja, mbili, tatu. Kisha mtungi ukaanza kutoa kitu chepesi, chenye kasi na uchangamfu.

"Bundi," alisema Karwirwa.

"Naam, dada."

"Kwani siku hizi mafuta inatoka mferejini?"

Wakafungua mtungi wa pili. Tabaka la juu mafuta, na chini yake lita kumi na saba za maji safi ya Kianjokoma, ambayo yana sifa sana, lakini si kwa kukaangia viazi. Karwirwa hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Bundi. Aliuchukua mkoba wa Bundi wenye vifaa vyote na simu saba za wateja, akaukalia.

"Lita arobaini, kabla ya saa sita. Ama hizi simu za watu nizikaange na hiyo maji yako."

Bundi alizunguka Embu mjini duka kwa duka. Palipokuwa na mafuta, yalikuwa ya chupa ndogo. Mwishowe mwenye bodaboda mmoja akamwambia, "Panda Kianjokoma, boss. Kuna mama anauza na bei ya mwaka jana. Watu wamepanga laini."

Laini ilianzia jikoni kwa Mzee Njura, ikapita zizi, ikafika barabarani. Ciakuthii alikuwa dirishani akipima kwa kikombe. Kagure alikuwa anatoka na dumu la lita tano limejaa, akilibeba kwa mikono miwili. Bundi alipita mbele, watu wakamgunia.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "ile mafuta ya Jumatatu ilikuwa na maji."

Ciakuthii aliweka kikombe chini. "Umejuaje? Si ulienda kuizika?"

Bundi alifungua mdomo. Mdomo ule ulikuwa umewahi kumuuzia mwalimu mkuu simu isiyo na betri, na polisi saa isiyo na mishale. Sasa ulitoa maneno matatu tu.

"Nataka lita arobaini," alisema.

"Bei ya mwaka jana ni ya majirani. Ya watu wa mjini ni ile ya kwenye redio."

Alilipa. Alitoa alichokipata kwa Karwirwa wiki zote tatu, akaongeza alichokuwa amekificha ndani ya soksi. Kisha akasema kwamba, samahani, angependa kupima mitungi mpaka chini. Ciakuthii, bila kukasirika, akampa mwiko mrefu wa ugali. Bundi alikuwa ameuzamisha mpini wa mwiko hadi chini, mkono wote umelowa mafuta, wakati Mzee Njura alipotoka nje, amevaa visikizi shingoni, uso unang'aa.

"Fundi! Na wewe umekuja mazishini?"

"Mazishi?" alisema Bundi.

"Mama Rwamba ameniambia yote. Ati hii mafuta ya umeme imekuzidi, kwa hivyo majirani wamejitolea kuizika kidogo kidogo, kila mtu kwa shamba yake. Watu wazuri hawa! Na mimi nilikuwa nawanyima." Akaona noti mkononi mwa mkewe. "Na hizo ni za nini?"

"Ni za fundi," alisema Ciakuthii. "Amesema lazima achangie gharama ya mazishi."

Mzee Njura alivua kofia. Akaushika mkono wa Bundi, uliokuwa unachuruzika mafuta, akautikisa kwa muda mrefu. Watu kwenye laini wakatazama chini, mabega yanawatikisika.

"Hata shilingi hukutaka," alisema mzee, "na sasa unatoa zako. Jana nimerekodi, fundi. Imeanza kutakata, kabisa. Jumatatu utakuja kubadilisha kama kawaida?"

Ciakuthii alijibu kwa niaba ya Bundi, akimpokea jirani mwingine kikombe.

"Usimsumbue. Kazi yenyewe nimeiona, si ngumu. Mimi nitakuwa nabadilisha."

"Kila Jumatatu?" aliuliza mzee.

"Kila Jumatatu," alisema Ciakuthii, akimimina. "Na Alhamisi."