Mchumba Aliyeandika kwa Herufi za Kibao

Likasi, mtaa wa Panda
Jumatatu, mwezi wa tano

Kwa Bwana Mkurugenzi wa shule yetu ya msingi

Kuhusu: mwandiko wa kuunga, ambao shule yako inataka kuuacha, na binti wa kaka yangu, ambaye bado hajaolewa

Bwana Mkurugenzi Elie,

Pokea salamu za mwanamke ambaye mpaka wiki iliyopita hukuwa umemkosea kitu. Naitwa Emérance, mshonaji, nyumba yenye mlango wa bluu nyuma ya kanisa. Sare za wanafunzi wako nazishona mimi, kwa hiyo viuno vya darasa zima la sita navijua. Naandika bila hasira. Hasira ipo kwa kaka yangu Nicolas, ninayekaa naye, na inatutosha sote wawili.

Madame Jenny, mwalimu wa darasa la pili, ametuambia kwamba kuanzia Septemba watoto hawatafundishwa tena ule mwandiko ambao herufi zinashikana mikono. Wataandika herufi moja moja, kila moja imesimama peke yake kama watu walionuniana, kwa sababu eti siku hizi kila kitu kinaandikwa kwenye simu. Nakuomba usifanye hivyo. Sababu zangu nimezitia namba ili usije ukairuka hata moja.

1. Kaka yangu ana binti, Laure. Laure ana mchumba, Chadrack, fundi kwenye kituo cha umeme cha Koni. Ni kijana mtulivu, anasali, na akikaa mezani anamaliza alichopakuliwa. Kati ya kazi zake ni kuandika vibao vya tahadhari: HATARI. USIGUSE. KIFO. Anaviandika vizuri sana, maana sijasikia mtu aliyegusa.

Kaka yangu alikuwa hajawahi kumwona wala kusikia jina lake, wala mimi. Laure alimwambia kijana: kabla hujaja na wazee, mwandikie papa barua, kwani papa alikuwa karani na jambo lisilo na karatasi halimwingii. Chadrack akaandika kwa mkono anaoujua:

PAPA NICOLAS. NINAOMBA KWA HESHIMA KUUNGANIKA NA NYUMBA YENU. NIMEANGALIA MUDA MREFU NIKAONA KWENU KUNA MWANGA AMBAO HAUKO KWINGINE. NITATIMIZA MASHARTI YOTE. NITAPITA JUMAPILI KUPATA JIBU. CHADRACK, KONI.

Kaka yangu aliisoma amesimama, akaigeuza kuangalia kama ina mhuri, akasema, «Huyu anataka kuunga waya kwetu.»

Nami nikamwambia, «Ni kweli, kwetu taa inawaka vizuri.»

Usitucheke, Bwana Mkurugenzi. Unaishi mji huu huu. Unajua kwamba nyumba yenye umeme wa kueleweka, courant kama tunavyouita, ina majirani wanaoning'inia kwenye nyaya zake. Sisi tunao watatu, na jioni wote wakiwasha jiko, taa ya sebuleni inakuwa nyekundu kama jicho la mgonjwa.

2. Jumapili Chadrack akaja, amevaa shati jeupe na viatu vinavyomeremeta. Laure alikuwa bado kwenye mazoezi ya kwaya. Kaka yangu alimpokea langoni na hakumkaribisha kiti, kwa sababu waombaji wa waya wakikaa hawaondoki. Mimi nilikuwa uani nachambua maharagwe. Nilisikia kila neno na sikuona kosa lolote.

«Papa, nilikuya juu ya ile barua,» alisema kijana.

«Nilisoma. Apana, mwanangu. Hapa tayari kuko batatu.»

Kijana akauliza, «Batatu, papa?»

«Batatu. Mumoja ni wa tangu zamani, hata ku Noeli haletake kitu. Tukiongeza wa ine, tutaungua bote.»

«Na Laure anajua?»

Kaka yangu alidhani kijana amesikia habari za pasi ya Laure, inayopoa kila majirani wakiwasha jiko. «Laure njo anateswaka zaidi,» akasema. «Kila mara akianza kazi yake, bote batatu banamurukia pamoja. Minye nilichoka kulalamika.»

Chadrack alishika lango. Kaka yangu ni mtu wa huruma, akaona asimwache aende mikono mitupu, akamwonyesha nyumba ya jirani yetu Léon, ambaye anakaa na mama yake mjane, Mama Adrienne.

«Jaribu pale kwa Léon. Yeye iko na moja ya zamani, lakini ingali na nguvu kabisa, na hakuna muntu juu yake. Mulombe muzuri, atakupatia.»

Kijana alitazama uani kwa Léon. Mama Adrienne alikuwa akianika mihogo. Akampungia mkono, kama anavyompungia kila mtu. Chadrack alisema asante, papa, akaondoka upande wa pili kwa mwendo wa mtu anayejizuia asikimbie.

Sasa nakuuliza, Bwana Mkurugenzi: je, barua ile ingekuwa katika mwandiko wa kuunga, wenye mikia na vitanzi, haya yangetokea? Hakuna mtu duniani anayeomba umeme kwa vitanzi. Kaka yangu angejua mara moja kwamba ni mapenzi, au kifo cha ndugu. Angalau angekaa chini.

3. Jumatatu Laure alipata ujumbe kwenye simu. Chadrack alimwandikia: «Nakutakia heri wewe na wenzako watatu. Mungu awape kuelewana.» Baada ya hapo simu ikawa haipokelewi.

Laure alinijia cherehani ikiwa inakwenda. Kwetu sisi wenye asili ya Kasai, shangazi ni baba wa kike, na yale ambayo huwezi kumwambia baba mwenye ndevu unamwambia huyu. Aliniwekea simu juu ya kitambaa akasema, «Tantine, benzangu batatu ni banani?»

Nilisoma mara ya kwanza nikafikiri ni mambo ya kwaya. Niliposoma tena nikaona jina la chini. Nikakumbuka shati jeupe. Nikazima cherehani, nikacheka mpaka Laure akaanza kulia, halafu nikalia naye kidogo kwa adabu. Ule ujumbe, nakukumbusha, uliandikwa kwa simu, hicho chombo ambacho kwa ajili yake unataka kutupa mwandiko wetu.

4. Nilikwenda Kikula, anakokaa Chadrack. Nilimkuta ameketi mbele ya sahani ya bukari, ugali wetu, ambayo haijaguswa, yeye ambaye nimekwisha kusema tabia yake mezani. Nikajitambulisha. Alisimama, akanipa kiti chake, akasema polepole:

«Mama, minye ninamupenda Laure. Lakini siwezi kuwa wa ine. Na ule Mama Adrienne ni mama muzuri, namuheshimia, lakini ule anaweza kunizaa.»

Nilimweleza habari ya nyaya. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, «Kwa hiyo bale batatu ni manyumba?» Nikamwambia ni manyumba. Akauliza tena, «Na ile ya zamani ya Léon?» Nikamwambia ni kable, waya mnene wa umeme. Hapo akavuta sahani yake akaanza kula, na machozi yanamtiririka, na mimi nikamwongezea mboga.

Nilipaswa kumwambia aje tu aseme. Sikumwambia, wala kaka yangu sikumgusia, kwa sababu mimi ni mtu wa kuchimba chanzo cha tatizo. Chanzo kilikuwa mkono wake. Nikamwambia aandike barua nyingine, safari hii kwa mwandiko wa kuunga, kama watu wanaopendana wanavyoandikiana tangu kalamu zipatikane. Akainamisha kichwa. «Mama, mukono yangu ilizoea vibao. Ile ingine nilisahabu.»

5. Ndiyo sababu ulimwona mtu mzima darasani, Bwana Mkurugenzi, na najua ulimwona kwa sababu ulirudi nyuma ukachungulia tena. Madame Jenny alikubali kumpokea kila anapokuwa nje ya zamu. Anakaa benchi la mwisho na magoti yake yanafika masikioni. Ananing'iniza ulimi kama wenzake. Watoto wanampenda, na wanamwonyesha: «Papa Chadrack, hapana kuinua kalamu, teremuka, panda tena.» Mtu anayeshika nyaya zinazoweza kuchoma mtaa mzima anamwomba mtoto wa miaka saba amwonyeshe tena herufi r.

Jina la Laure, ambalo L yake kubwa Madame Jenny alimfundisha kwa upendeleo, sasa analiandika bila kuangalia. Amelijaza daftari, na upande wa nyuma pia, na Madame Jenny amemwomba kwa upole aendelee na maneno mengine. Tatizo ni jina lake mwenyewe. Herufi kubwa za kuunga zinafundishwa mwisho kabisa, na kwa zamu zake hatafika kwenye C kubwa kabla ya likizo. Ukifuta somo hili Septemba, tutabaki na barua nzuri ya mtu asiye na jina, na kaka yangu hawezi kumwoza binti yake kwa mtu asiye na jina.

6. Naomba pia utazame mbele. Mtoto aliyezoeshwa kuacha nafasi kati ya a na b, kesho ataacha nafasi kati yake na mkewe. Huo ndio mwanzo wa vitanda viwili. Binamu yangu aliyesomea Mulungwishi alikuwa anaandika mstari mzima bila kuinua kalamu, na yuko na mume wake mpaka leo, ingawa mume anakoroma. Sitaki kusema zaidi. Wewe ni mtu msomi, utaona mwenyewe talaka zinatoka wapi.

7. Kwa hiyo, pamoja na kurudisha somo, naomba yafuatayo yachukuliwe kama jambo la haraka. Kila kijana wa Panda anayetaka kuposa afanyiwe mtihani wa imla mbele ya Madame Jenny, na akianguka arudi darasa la pili kwa mwaka mzima. Herufi za kibao waachiwe watu wa umeme, watu wa barabara na watengeneza majeneza, na mtu mwingine akikutwa nazo aeleze amezitoa wapi. Wanaotengeneza simu waandikiwe, kwa mkono, ili mvulana akimwandikia msichana herufi zishikane zenyewe, na akidanganya ziachane. Ukiwa na njia ya kuwafikia, mimi niko tayari kutia sahihi. Sahihi yangu ina vitanzi vinne, na haijawahi kuchanganywa na ombi la umeme.

Nakusihi, Bwana Mkurugenzi, uyapime haya ukiwa umeshiba na umetulia. Msalimie Madame wako na watoto. Wasalimie walimu wote, mmoja mmoja, pamoja na yule wa hesabu ambaye suruali yake iko tayari. Msalimie mlinzi, na mama anayeuza mandazi langoni, na darasa la pili lote, hasa wale wawili wa benchi la mwisho waliokubali kubanana ili mkwe wetu apate nafasi.

Mimi niliye na imani nawe, pamoja na wasiwasi kidogo,

Emérance, mshonaji

N.B. Nilikuwa bado sijaituma barua hii, na imebidi niongeze maneno, kwa kuwa mambo yamepiga hatua.

Chadrack hakungoja C kubwa. Jana asubuhi, akielekea zamuni, alipitisha barua yake chini ya mlango wetu, yote kwa mwandiko wa kuunga, ukurasa mzima, kalamu haijainuka. Kaka yangu aliiokota. Juma hili alikuwa amekwenda kwa daktari kwa ajili ya mgongo. Akaitazama ile karatasi kwa mbali, kisha kwa karibu, akadhani ni cheti cha dawa, akanipa na kusema, «Balileta ordonnance yangu. Enda ku farmasi.» Mimi pia niliitazama. Niliona vitanzi na mikia, nikafurahi moyoni kwamba angalau madaktari bado wanaandika vizuri, nikaenda. Msichana wa farmasi, Emmanuella, aliisoma kutoka juu mpaka chini bila kukwama. Akanipa dawa ya kuchua na chupa ya sirapu, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Jioni Chadrack alikuja kupata jibu. Alimkuta kaka yangu amelala kifudifudi kwenye mkeka, mimi namchua. Nilimtambua kijana, nikaelewa tulichofanya, na mikono yangu ikasimama mgongoni mwa Nicolas.

Chadrack aliona chupa, akaona karatasi yake chini ya chupa. Akapiga magoti hapo hapo kwenye mkeka, mahali ambapo kaka yangu angeweza kumwona bila kugeuka.

«Papa, minye niko nataka kuoa Laure,» alisema. «Si courant.»

Kaka yangu alivuta ile karatasi chini ya chupa akaitazama, shavu kwenye mkeka. Halafu akasema, «Na ile siku ya Jumapili, ulikuya juu ya vile?»

«Ndiyo, papa.»

«Na minye nikakutuma kwa Mama Adrienne.»

«Ndiyo, papa.»

Mgongo wake ulianza kutikisika chini ya mikono yangu. Nilidhani amepatwa na kitu, kumbe anacheka. Akamwita Laure, akamuuliza mbele ya wote kama anamtaka huyu kijana. Laure alisema anamtaka tangu mwaka jana. Imekwisha hivyo, kwa maneno machache kuliko yaliyo kwenye namba moja ya barua yangu. Wazee wa Chadrack wanakuja Jumamosi, na kaka yangu anaendelea na sirapu, kwa maana anasema inamfaa.

Basi kuhusu mwandiko, Bwana Mkurugenzi, fundisha unaopenda. Ukiwa na jibu, tafadhali usiniandikie. Njoo Jumamosi uniambie, kiti chako kiko karibu na cha Madame Jenny.