Kamati ya Ubora na Kichwa cha Cheche

Gazeti lilikuwa la juzi, lakini Katibu alilisoma kana kwamba limetoka kiwandani likiwa bado na moto. Katibu ni karani mstaafu wa idara ya maji, na kustaafu hakukumwachisha tabia ya kusoma amesimama.

"Sikilizeni! 'Biashara nyingi ndogo za huduma hufa kabla ya kutimiza miaka mitatu, kwa sababu wenyewe hawapimi ubora.' Mashine, umesikia? Hufa!"

"Yangu ina miaka kumi na mmoja," kinyozi akajibu bila kuinua macho.

"Basi imeshakufa mara tatu," akasema Gia, dereva wa pikipiki, ambaye huketi juu ya pikipiki yake hata benchi likiwa tupu. "Ndiyo maana humo ndani kuna harufu."

"Harufu ya mafuta ya nywele hiyo."

"Ya mwaka gani?"

Cheche hakucheka. Alikuwa kwenye kiti, kitambaa shingoni. Cheche ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu asiyeogopa moto wala wateja wakorofi, lakini asubuhi hiyo aliogopa hasa. Saa tano alitakiwa kwa wazazi wa mchumba wake. Mzee mwenyewe, baba mkwe mtarajiwa, alishatoa kauli kwamba atamtazama kijana mara moja tu, na hapohapo ataamua. Nayo ilikuwa imeshagonga saa nne na robo.

Kibanda cha Mashine ni chembamba kama kabati, kwa hiyo kiti chake kimewekwa mlangoni kufuata mwanga. Mteja akiketi akaangalia barabara, kushoto kwake kuna benchi la Shangazi, muuza kahawa, na pikipiki ya Gia. Kulia kuna benchi la Katibu. Hakuna anayehama upande. Katika miaka yote hiyo Shangazi hajawahi kukalia benchi la Katibu, anasema lina joto la mtu mbishi.

"Ninyi mnasoma ubora gazetini," Mashine akasema, huku mashine yake ikinguruma. "Mimi nimetoka semina. Siku tatu, na cheti wamenipa."

"Chakula je?" Gia akauliza.

"Tuligawanywa makundi."

"Makundi ya chakula?"

"Ya majadiliano! Sikilizeni. Nimejipima mwenyewe. Kunyoa kichwa kimoja natumia hatua ishirini na tatu, na kumi na nane kati ya hizo ni upotevu mtupu. Kukung'uta kitambaa mara mbili. Kupuliza shingo. Kumuuliza mteja hali ya nyumbani. Kumsikiliza akijibu."

"Hiyo ya kusikiliza mbona uliiacha zamani," akasema Shangazi, akimimina kahawa.

Cheche aliwaacha wabishane. Alikuwa akikariri salamu yake kimoyomoyo, aanze na baba au aanze na mama, ndipo akahisi kitu.

"Mashine, mbona upande wa kulia nasikia baridi?"

Akapeleka mkono. Kulia palikuwa kipara, kipara kweli, kinateleza. Akapeleka mkono kushoto. Huko nywele zilikuwapo, zimechongwa vizuri na mstari wake, kama alivyoagiza. Akaomba kioo, akajitazama.

"Kwa nini?" akauliza.

"Safi sana!" Mashine akapiga makofi. "Hiyo ya kwanza. Semina walisema, ukitaka kufika kwenye mzizi wa tatizo, uliza kwa nini mara tano. Bado nne."

"Kwa nini umeninyoa nusu kichwa?"

"Kwa sababu hubadilishi huduma yote kwa pupa. Unajaribu padogo, unalinganisha. Kushoto njia ya zamani, hatua ishirini na tatu. Kulia njia mpya, hatua tano, hakuna kuchonga."

"Kwa nini padogo penyewe pawe kichwani kwangu?"

"Ndicho kilichokuwa kwenye kiti."

"Kwa nini usimnyoe mmoja hivi na mwingine vile, kila mtu na kichwa chake?"

"Vichwa havifanani! Jaribio la haki linataka kichwa kilekile."

"Kisayansi hapo hana kosa," akasema Katibu, akikunja gazeti.

"Na kwa nini leo, ndugu yangu? Kwa nini leo?"

Mashine akafikiri. "Hiyo ndiyo ya tano, na mzizi wenyewe ni huu. Cheti nimekipata jana."

Cheche akainuka. Mashine akamkalisha. Akatoa daftari jipya, akatangaza kwamba waliopo wote ni kamati ya ubora, na kamati ipige kura ni njia ipi ibaki, ndipo amalizie kichwa kizima kwa njia iliyoshinda. Kipara kitaoteshwaje nywele zikishinda, hakueleza.

"Mimi mwenyekiti," Katibu akasema.

"Nani kakuchagua?" Shangazi akaja juu.

"Nimejichagua. Nimepunguza hatua."

Wakapiga kura. Shangazi, kutoka benchi lake, alisema hajawahi kuona mtu kanyolewa akapendeza hivyo, na kwamba kipara wanachokisema yeye hakioni. Gia akamuunga mkono. Katibu, kutoka upande wake, alisema huyu ni mtu mzima, msafi, unaweza kumkabidhi funguo za ofisi, na hizo nywele wanazozisifu ni porojo za watu wa kahawa.

"Njoo huku uone!" Shangazi akafoka.

"Mwenyekiti hahamishwi."

"Mbili kwa moja, basi," akasema Gia. "Nywele zimeshinda."

"Mbili kwa mbili. Kura ya mwenyekiti huhesabiwa mara mbili."

"Tangu lini?"

"Tangu niliposhindwa."

Simu ya Cheche ikaita. Ni mchumba. Baba ameshakaa, ameshavaa miwani, anaangalia saa. Cheche alimpenda yule dada kuliko alivyowahi kukiri mbele ya watu hawa. "Nakuja, mpenzi. Niko njiani." Akakata. "Mashine, achana na kura! Nyoa hizi zilizobaki! Nyoa zote! Washa!"

Mashine akawasha. Umeme ukakatika.

Mashine akabonyeza tena, wapi.

"Wembe," akasema Cheche.

"Semina walisema kisichotumika mwezi mzima kiondolewe. Wembe niliuondoa."

"Mkasi basi!"

"Na mkasi."

"Avae kofia," Gia akapendekeza.

"Aingie kwa wakwe na kofia kichwani?" Shangazi akashtuka. "Watasema kalelewa na nani?"

Ikabidi kamati itoe mapendekezo mengine. Cheche aingie kiubavu. Akae wazee wote wawe upande mmoja. Asigeuke kwa lolote, hata nyumba ikiungua. Gia akampakia kwenye pikipiki, wakaondoka, na watu wa kulia mwa barabara wakamwona mzee anakimbizwa hospitali, wa kushoto wakamwona kijana anaenda kutembea.

Walirudi saa saba. Cheche alishuka taratibu, akaketi kwenye kiti kilekile cha kunyolewa. Shangazi akampa kahawa bila kuombwa.

"Wamekukataa?" akauliza kwa upole.

"Wamenikubali."

"Hongera!"

"Na wamenifukuza."

Wakatazamana.

"Nimeingia kiubavu kama mlivyosema," Cheche akaeleza. "Baba alikuwa kulia kwangu. Nikasalimu vizuri, nikaulizwa kazi, nikajibu. Mzee kafurahi! Kasema huyu ametulia, kichwa chenyewe tu kinaonyesha hana mambo mengi. Nikapewa kiti. Mara nikaombwa nitoke nje kusaidia kusogeza geti, lilikuwa limekwama. Mnajua mimi na mageti. Nimerekebisha, nimerudi kwa mlango wa nyuma. Sasa baba akawa kushoto kwangu."

"Uwii," akasema Shangazi.

"Nikakaa kimya kwenye kiti changu, maana salamu nilishatoa. Mzee akafoka. 'We kijana wa nywele za kuchongwa! Umeingia nyumbani kwangu hujasalimu, na umekalia kiti cha mgeni wangu!'"

Gia alilala juu ya tangi la pikipiki, mabega yakimtikisika.

"Si ungemweleza?" Katibu akauliza.

"Nilimweleza! Niligeuka nimweleze, akaniona wa kulia. Akanishika mkono kwa huruma, akasema, 'Mwanangu, usimtetee rafiki yako. Ndivyo vijana wazuri wanavyoharibika.'"

"Na mchumba? Hakusema kitu?"

"Mchumba alikuwa jikoni. Alipotoka na trei, alisikia kelele, akaambiwa mwenye kipara ndiye amekubaliwa. Akalia. Kasema yeye mwenye kipara hamtaki, anamtaka yule aliyefukuzwa."

Hapo hata Katibu aliketi. Shangazi alifuta macho, na haikujulikana analia au anacheka. Cheche alishika kikombe kwa mikono miwili. Mwanamke aliyempenda hamtaki yule aliyepewa ruhusa ya kumwoa, na yule anayemtaka ameambiwa asikanyage tena. Na wote wawili ni yeye.

"Nimeelewa," Mashine akasema kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza siku ile akiwa na haya. "Nimekuharibia, kaka. Umeme umerudi. Na daftari hili nalifunga. Wewe niambie tu, nikumalizie na hizo za kushoto sasa hivi, bure."

Akainua mashine. Cheche akaruka kutoka kwenye kiti, akashika kichwa chake kwa mikono miwili, huku kikombe kikibingirika chini.

"Usiguse! Hata unywele mmoja usiguse!"

"Unaendaje tena kwa wakwe hivyo?"

"Mama wa mchumba ndiye aliyesuluhisha. Kesho saa nne tumeitwa wote wawili. Wa nywele aombe radhi mbele ya mwenzake, na mwenzake akubali kumwachia mchumba. Nikinyoa hizi, wa nywele hatatokea, na mzee kasema asiyetokea kamdharau."

Gia aliwasha pikipiki akaenda kutafuta abiria, Katibu akaokota gazeti lake, Shangazi akabeba chupa zake. Cheche akaelekea kwenye mageti yake, akitembea kwa uangalifu katikati ya barabara.

Mashine alibaki mlangoni peke yake. Akafungua tena daftari, akatafuta safu ya huduma ya siku ile, akaandika kwa mwandiko safi: "Mteja amerudi siku hiyohiyo. Ameahidiwa marekebisho ya bure. Amesema nisiguse hata unywele mmoja."