Genge la Msimbo Mmoja

Jumatatu asubuhi, wananchi wa Malindi na viunga vyake walitangaziwa kuwa ulaghai wa kimataifa umefika mwisho. Tangazo lilibandikwa ukutani na Bwana Ziro mwenyewe, Mkurugenzi wa Ofisi ya Utambuzi wa Fedha za Ng'ambo, ofisi yenye meza mbili, feni moja na mihuri kumi na mitatu.

Bwana Ziro alikuwa amegundua jambo zito. Watu arubaini waliotarajia pesa kutoka nje walikuwa wamejaza fomu, na wote arubaini waliandika msimbo mmoja wa benki, herufi kwa herufi. Huyu wa Muyeye, yule wa Mambrui, mwingine wa Kakuyuni, hawajuani hata kwa salamu, na msimbo ni ule ule! Mwili ulimsisimka kwa fahari.

"Lakini mkurugenzi," alisema karani wake, Shaima, "msimbo huo ni wa benki, si wa mtu. Herufi nne za mwanzo ni benki, mbili ni nchi, mbili ni mji. Kila mteja wao hutumia huo huo. Mtu hutambulikana kwa nambari ya akaunti."

"Ndivyo genge linavyotaka uamini," alijibu Bwana Ziro kwa upole, akazuia pesa zote.

Kila mshukiwa alitakiwa kuleta fomu ya kurasa sita, iliyotiwa sahihi na wenzake wote wa msimbo. Kila mtia sahihi aisome kwa macho yake mwenyewe. Kusomewa ni kosa.

Jumanne alikuja Mama Kadii wa Kakuyuni, mtu mzima, macho yote mawili yana ukungu wa mtoto wa jicho. Bwana Ziro hakumwamkia. Mwongozo wake, aya ya tisa, ulikataza kumpa mshukiwa shikamoo.

"Mwanangu, hata shikamoo hakuna?"

"Uchunguzi unaendelea, mama."

"Daktari amenipangia Ijumaa. Nelly binti yangu amefua nguo za watu Doha miezi minane, apate hizo pesa za macho."

"Uchunguzi unaendelea."

Mama Kadii alipapasa ukuta mpaka akaupata mlango. Shaima alimwonea uchungu, akamshika mkono hadi barabarani.

Jumatano ikaja barua kutoka Jeneva. Wafadhili, waliovutiwa na ushujaa wa Bwana Ziro, walimwalika semina ya wiki nzima na kumtumia nauli na posho. Mwisho wa kuthibitisha safari ni Jumanne ijayo. Alijaza fomu yake akipiga mluzi.

Shaima alikohoa. "Mkurugenzi, tazama msimbo wako."

Alitazama. Herufi kwa herufi. Makao makuu Nairobi nayo yalikwisha kutazama, yakazuia pesa zake "kwa kuzingatia kanuni yako bora."

Siku hiyo na kesho yake alizunguka juani na fomu ya kurasa sita. Mambrui walimweka barazani mpaka swala ikaisha, kisha wakasoma kwa zamu. Alhamisi mchana alikuwa na sahihi thelathini na tisa, na viatu vimejaa vumbi la Kakuyuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe uchunguzi?"

"Ndimi, mama. Weka kidole hapa tu, nitakueleza yaliyomo."

"Aa, mwanangu! Kusomewa si kosa? Nami macho ndiyo haya."

Alasiri hiyo Bwana Ziro alizifungua pesa za watu arubaini kwa maslahi ya umma, macho ya Mama Kadii yakiwemo. Zake zilikuwa mikononi mwa Nairobi, na Nairobi iliipenda sana kanuni.

Jumamosi Mama Kadii alifunguliwa bendeji ya jicho la kwanza. Alimwona Nelly kwenye simu, akalia kwa furaha. Kisha akamwona Bwana Ziro, amesimama na machungwa na fomu.

Aliisoma yote, akilamba kidole kila ukurasa. Kwenye wa sita akasita.

"Hapa pameandikwa genge. Ni akina nani hao?"

"Ni... makosa ya uchapaji, mama. Tia sahihi tu, Jumanne inanikaribia."

Mama Kadii aliikunja fomu taratibu, akailaza chini ya mto, akachukua chungwa.

"Uchunguzi unaendelea, mwanangu."