Pikipiki ya Marehemu Wambugu

Dedan aliingia kwa Shosho Wakiuru, nyanya mmoja wa huko Gatitu, kuuza dawa ya panya. Dawa yenyewe ilikuwa unga wa mahindi uliotiwa rangi ya buluu, na panya wa Nyeri walikuwa wameshaanza kuizoea. Alikuwa amefika katikati ya hotuba yake, pale anapoeleza kwamba panya akiionja hutoka nje kwa adabu akafie kwa jirani, alipomwona kuku ametamia juu ya kiti cha pikipiki.

Dedan akanyamaza. Wanaomfahamu watakwambia hilo si jambo dogo. Mtu huyu huongea hata akipiga mswaki.

Pikipiki ilikuwa imeegemea ukuta wa banda, imezama kwenye mavi ya kuku hadi nusu ya magurudumu. Tairi zilikuwa zimeoza, nyaya zimeliwa na panya, na ndani ya taa ya mbele ndege alikuwa amejenga na kuhama. Lakini ubavuni mwa tangi, chini ya kutu, herufi tatu zilikuwa bado zinasomeka: BSA, zile pikipiki za Kiingereza za zamani.

"Hii takataka ni ya nani, Shosho?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Ya mzee wangu, Wambugu, Mungu amrehemu. Alikuwa anazunguka nayo akitibu ng'ombe. Siku magoti yake ilikataa, akaiweka hapo. Na hapo ndio iko."

"Inaweza kuwa na nyoka, hiyo."

"Nyoka ilikuwa. Kuku ikaila."

Shosho Wakiuru alikuwa mama mfupi, mnene wa mabega kama mtu aliyebeba maji miaka yake yote. Alikataa dawa ya panya lakini akampa Dedan chai, na Dedan akainywa akiitazama pikipiki kama watu wanavyotazama sadaka ikipita.

Alijua pa kuipeleka. Nanyuki kulikuwa na mkulima wa ngano aliyestaafu, Mzee Gicheru, ambaye ugonjwa wake mmoja tu ulikuwa mashine za zamani. Kesho yake Dedan alikuwa mlangoni kwake, picha ikiwa kwenye simu na koo likiwa tayari.

"Ni ya babu yangu, Mzee. Nyanya amenibariki niiuze. Lakini kila nikiiangalia..." Hapo chozi likamdondoka. Lilikuwa chozi la kweli. Dedan hakuwa mtu wa kutumia vifaa bandia mahali pasipostahili.

Gicheru aliitazama picha mpaka miwani ikaingia ukungu. "Sikiza, kijana. Mimi sitaki pambo. Nataka ya kupanda. Nitoke hapa niende Meru, nile, nirudi, na nisisukume hata hatua moja. Ikifika hapa ikitembea yenyewe, bei utataja wewe."

Kisha akamfungulia stoo. Dedan akatoka na tairi mbili, cheni, sahani za klachi na ringi za pistoni, vyote vikiwa bado kwenye karatasi yake ya zamani.

"Hivi ni vyangu mpaka pikipiki iwe yangu," Gicheru alisema. "Usipokuja, nitaenda kwa nyanya yako."

"Atafurahi sana kukuona," alisema Dedan, ambaye nyanya zake wote wawili walikuwa wamezikwa Karatina.

Shosho Wakiuru naye alipewa hadithi yake. Dedan alimweleza kwamba yeye ni wa kikundi cha vijana wa kanisa wanaofufua vitu vya marehemu, bure, kwa mapenzi tu. Kikundi kiliitwa Vijana wa Ukumbusho. Jina hilo alilibuni akifungua geti.

"Bure?"

"Bure kabisa, Shosho. Ila nitaibeba kidogo niipeleke karakana..."

"Hapana. Itatengenezewa hapa, mahali macho yangu inafika. Chai iko."

Dedan akakubali. Kichwani mwake kila kitu kilikuwa kimepangwa: siku injini itakapowaka, angesema anaijaribu mpaka kona ile, na kona ile ingekuwa Nanyuki.

Kulikuwa na shida moja. Dedan hakujua lolote kuhusu injini. Akamtafuta Njoka, fundi wa Chaka, mtu wa Mbeere aliyetengeneza pampu za maji na matrekta, na ambaye hakuongea mpaka ale. Dedan alimwambia waipake rangi, iwake, iende kilomita sitini. Yanayofuata Mungu anajua. Njoka alimaliza githeri ya Shosho, akaikanyaga kiki ya kuwashia. Haikusogea.

"Pistoni imeshikana na silinda kama bibi na bwana kwa picha ya harusi," akasema. "Ukilazimisha utavunja. Tutamwaga dizeli na oili, tungoje."

"Tungoje mpaka lini?"

"Mpaka iachilie."

Wakangoja. Shosho, ambaye aliamini mikono ya kijana ikikaa bure shetani huikodisha, alimpa Dedan panga akakate nyasi ya ng'ombe. Kesho yake akampa ndoo akakame. Baada ya wiki Dedan, mfanyabiashara huru, alikuwa anaamka Gatitu kabla ya jogoo na ng'ombe anamjua kwa jina. Kila asubuhi Njoka aliweka kipande cha mti juu ya pistoni na kukigonga kwa upole, kama anayebisha hodi kwa mkwe. Kila asubuhi pistoni ikakataa. Halafu siku moja mvua ikinyesha, ikashuka, kidogo tu, kwa mguno.

Dedan alipiga kelele hadi majirani wakatoka. Alijiambia ni furaha ya biashara.

Lakini toka siku hiyo alianza kufanya mambo yasiyo na faida. Alisugua vali mwenyewe, akizungusha kijiti kati ya viganja kama anayepekecha moto, akaangalia, akasugua tena. Alinyoosha spoki moja moja. Njoka akimwambia "hiyo inatosha", yeye alijibu "bado inapiga kidogo hapa".

Kilichobaki ni magneto, kile kidude kinachoipa injini cheche. Ya Wambugu ilikuwa imekufa kabisa. Njoka alikumbuka kuona nyingine kama hiyo Mwea, kwa mama anayeitwa Magdaline, mwenye kinu cha mchele. Nyuma ya kinu chake kulikuwa na injini kuukuu iliyotupwa. Dedan akaenda. Angeweza kuomba. Angeweza hata kununua. Lakini kuna watu ambao mkono wao ukipewa njia iliyonyooka hupata kizunguzungu.

"Mama," alimwambia Magdaline, akiizunguka injini ile kwa uso wa daktari, "hii imelala hapa nje, na mvua imeanza. Unajua ina radi ndani?"

"Radi? Ati hiyo chuma?"

"Shika hapa."

Magdaline akashika waya. Dedan akazungusha magneto kwa nguvu. Magdaline akaruka, kitambaa cha kichwa kikabaki hewani peke yake.

"Yesu! Toa hiyo kitu! Toa!"

"Si kazi rahisi, mama. Ni ya hatari."

"Nitakulipa!"

Dedan aliifungua kwa spana akikunja uso kama anayetegua bomu. Magdaline alimshukuru kwa gunia la mchele wa pishori, na Dedan akalipokea kwa unyenyekevu mkubwa. Gunia hilo ndilo lililomlipa Njoka. Njoka alilinusa, akalibeba, akasema kazi yake imekwisha na hana dai.

Jumamosi asubuhi mlima ulikuwa wazi, theluji yote nje. Dedan alikanyaga kiki mara tatu. Mara ya nne BSA ikakohoa, ikatema moshi na unyoya mmoja wa kuku, kisha ikashika mlio mzito, wa polepole, uliotikisa vikombe vya Shosho kabatini.

"Shosho," Dedan aliita kwa sauti tamu, "wacha niijaribu mpaka kona ile!"

Shosho akatoka ndani. Alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake ya ngozi yenye miwani. Akapita, akainua mguu, akakaa nyuma.

"Twende."

"Lakini breki hazijajaribiwa, Shosho."

"Ndio tuzijaribu."

Walipita kona. Dedan hakuwa na lingine la kufanya ila kuendelea, kwani mtu hawezi kuiba pikipiki yenye mwenyewe juu yake, ila pia hawezi kuiba iliyorudishwa nyumbani. Ilibidi Shosho ashushwe njiani. Chaka, akasimama mbele ya wachoma nyama.

"Shuka tule mbuzi, Shosho. Mimi nalipa."

"Asante, kijana yangu. Niletee hapa."

Alikula mbuzi akiwa kwenye kiti, na mifupa akamtupia mbwa wa njia. Kwenye kituo cha petroli Dedan akajaribu tena.

"Shosho, shuka kidogo tuweke mafuta."

"Tangi iko mbele yako. Si chini yangu."

Wakaendelea. Barabara ilikuwa kavu, na BSA ilipanda vilima vya Kieni bila kubadilisha sauti. Haikuyumba kwenye kona. Breki zilishika. Malori yaliwapigia honi ya heshima, na Dedan akajikuta anatabasamu na upepo unamwingia menoni.

"Mimi Mungu hunitumia watu," Shosho alimpigia kelele sikioni. "Kulikuwa na kijana wa bima, alikuwa anataka hati ya shamba. Alinichimbia kisima. Mwingine alikuwa anataka kunioa. Alinijengea banda ya ng'ombe, ya mawe!"

Tabasamu la Dedan lilipungua. "Wako wapi siku hizi?"

"Walienda. Vijana ya siku hizi haikai."

Kufika Naro Moru, Dedan alikuwa amebadilisha mpango. Angemfikisha huyu mama mpaka kwa Gicheru, amtambulishe kama nyanya, wapewe chai, na wakati Shosho anapuliza kikombe yeye angemalizana na mzee pembeni. Alipokata kona kuingia kwa Gicheru alikuwa ameshaupenda mpango huo kuliko ule wa kwanza.

Gicheru alitoka mbio akiwa na gambuti mguu mmoja. Mbwa wake wawili, wakubwa kama ndama, wakakaa pande mbili za geti.

"Imekuja yenyewe!" alisema. "Na huyu ndiye nyanya?"

"Ndiye," alisema Dedan.

Shosho alimtazama Dedan kama anavyotazama maharagwe kabla ya kununua. Kisha akashuka, kwa mara ya kwanza toka Gatitu.

"Ndio mimi. Huyu ni mjukuu yangu."

Dedan nusura amkumbatie. Gicheru aliizunguka pikipiki akiigusa kwa ncha za vidole. "Mama, kijana alisema umembariki aniuzie."

"Kuuza?" Shosho akacheka mpaka akashika kiuno. "Dedan! Bado unacheza huo mchezo? Mzee, huyu tangu mtoto ni mtu wa mzaha. Pikipiki ya babu yake atauza aje, na mimi bado niko hai?"

Uso wa Gicheru ukasawijika. "Lakini tairi hizo ni zangu. Cheni ni yangu. Klachi, ringi..."

"Ngai! Kweli?" Shosho aliinama akazitazama tairi, akasikitika kwa heshima. "Basi hiyo ni haki yako, siwezi kukuibia. Deni ya mjukuu ni ya nyanya. Pesa ndio sina." Akaweka mkono wake mzito juu ya bega la Dedan. "Lakini mjukuu niko naye."

Gicheru alimtazama Dedan, kisha akatazama stoo yake ndefu, iliyojaa mashine zinazooza kwa kukosa mikono.

"Mikono yake ni mizuri," Shosho aliongeza. "Na hakuli sana."

Dedan alifungua mdomo. Aseme huyu si nyanya yangu? Basi pikipiki ni ya nani, na yeye ni nani, na wale mbwa wameshakula? Maneno elfu yalikuja, yote mazuri, na hakuna hata moja lililomfikisha upande wa pili wa geti.

"Nakubali," Gicheru alimwambia Shosho, wakapeana mikono.

Shosho akavuta miwani ya marehemu machoni, akapanda, safari hii kiti cha mbele.

"Mama, nani atakuendesha?" Gicheru aliuliza.

"Wambugu alikuwa akitibu ng'ombe moja, analipwa na pombe mbili. Unafikiri ni nani alikuwa anamrudisha nyumbani?"

Akakanyaga kiki mara moja tu. Mbwa wakampisha.

Wanaume wale wawili walisimama wakisikiliza. Alibadilisha gia bila kelele. Mlio ukaenda, mnene na sawasawa, ukapita soko, ukashika barabara ya kusini, na hata ulipokuwa mdogo kama wa nyuki haukukosa pigo moja.

"Hiyo injini," Gicheru alisema polepole, "imetengenezwa na nani?"

"Mimi," alisema Dedan, akashtuka, kwa sababu ilikuwa kweli, na ilitoka kwa sauti ndogo asiyoitambua. "Mimi na fundi mmoja wa Chaka. Anaitwa Njoka."

Gicheru alimtupia ovaroli iliyonuka grisi. "Basi anza na ile."

Ile ilikuwa trekta iliyokaa nje ya stoo miaka mingi kiasi kwamba mti ulikuwa umeota katikati ya injini yake, ukatoka juu na kuchanua. Dedan aliizunguka mara moja. Akachuchumaa, akachungulia chini, akagonga tangi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Kwanza," akasema, akikunja mikono ya shati, "nipe shoka."