Shokapu ya Mwanyumba

Jumatatu, 3 Machi

Shokapu ya nyuma ya baiskeli yangu imekufa. Imetema mafuta yote sebuleni, juu ya zulia la mke wangu. Miaka sita tumeteremka vilima pamoja! Nilipokaa kitini ikalia kama mlango wa kabati, ikashuka, haikupanda tena. Mke wangu akasema afadhali, sasa nitapumzika. Hajui asemalo. Jumapili hii Mwenyekiti wa klabu anachagua kiongozi wa msafara, na sharti lake ni moja tu: wa kwanza kufika chini ya kilima. Kiongozi wa msafara ni mimi. Miaka minne sasa ni mimi. Fulana ya njano ya kiongozi inaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chetu na sioni sababu ya kuihamisha.

Saa kumi jioni akaja mwanyumba, yaani mume wa dada yake mke wangu. Mwalimu wa hesabu, mrefu, mkimya. Kaja na baiskeli. Chini ya kiti, shokapu mpya! Ya springi, rangi ya chungwa, nene kama mkono wa mtu. Wakati wa kuondoka alishuka ngazi tatu za baraza letu bila kunyanyua makalio. Mke wangu akapiga makofi. Kwangu mimi hajapiga makofi tangu harusi, na siku ile walipiga wote.

Sina kijicho mimi. Ila rangi ile haimfai.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na wazo. Kazi yangu ni kutengeneza miwani. Napima mboni hadi mboni kwa nusu milimita. Nitashindwaje kupima shokapu ya mtu? Nikaenda nyumbani kwa mwanyumba yeye akiwa darasani, nimebeba rula yangu ya kazini na kisingizio: kitambaa cha kufutia miwani ya mama mkwe. Mama mkwe anaishi kwa mwanyumba, si kwetu. Kwetu alikaa wiki moja, akasema kuna upepo.

Nikalala chali barazani, chini ya baiskeli. Tundu la bolti la juu hadi la chini, sentimita ishirini na moja. Yangu ni kumi na tisa! Ananizidi sentimita mbili na hajawahi kunitajia. Nilipogeuza kichwa nikaona ndala mbili, na juu ya ndala, mama mkwe. Akauliza nimeanguka au nimepotelewa na nini. Nikasema naangalia vumbi. Akasema mwanawe hufuta mwenyewe. Huyo mwanawe ni mwanyumba. Mimi huniita yule wa miwani.

Jumatano, 5 Machi

Kwa fundi baiskeli. Mtu mpole, vidole vyeusi kwa grisi, hana haraka hata duka likiungua. Akanieleza kuna shokapu za aina mbili. Ya upepo unaijaza kwa pampu, ikikukataa unaongeza au unapunguza. Ya springi haibembelezeki: ukikosea kuichagua, umekosea. Kwangu mimi angeweka ya upepo. Nikamwambia nataka ya springi, ya chungwa, ya sentimita ishirini na moja. Akasema fremu yangu inataka kumi na tisa. Nikiweka ndefu, nyuma itainuka na kilima nitakiteremka kwa pua. Tukabishana nusu saa. Nikakubali kumi na tisa huku roho ikiniuma.

Ndipo akauliza uzito wangu. Kumbe springi huchaguliwa kwa uzito wa mpandaji! Nikafungua mdomo kusema ukweli, naapa. Mlango ukafunguka, akaingia mwanyumba kununua viraka. Fundi akamsifu palepale: huyu ni kilo sabini na mbili, haongezeki wala hapungui, mpandaji wa kupigiwa mfano.

Nikasema na mimi ni sabini na mbili.

Fundi akanitazama tumbo, akatazama dari, akaandika. Mwanyumba akanipa hongera kwa kupungua. Hakucheka hata kidogo! Angecheka ningejua la kufanya. Mizani ya mwisho ilisema tisini na nne, lakini nilikuwa nimevaa viatu.

Ijumaa, 7 Machi

Imefungwa. Ya chungwa! Nikakaa, ikashuka. Ikazidi kushuka. Fundi akapima, akasema mtu akikaa tu inapaswa ishuke robo. Yangu imepita nusu na sijakutana na jiwe hata moja. Akaniuliza taratibu kama ile sabini na mbili ilikuwa ya mwaka huu. Akasema kabatini anayo springi ngumu zaidi, kubadilisha ni dakika ishirini, na siri itabaki ya fundi na mteja. Nikaiangalia. Ni nyeusi. Nikamwambia napenda ulaini.

Nimeamua. Kama springi hainifuati mimi, mimi nitaifuata. Kuanzia sasa ni matango tu.

Jumamosi, 8 Machi

Matango manane. Mizani ya duka la nafaka: tisini na tatu na nusu. Zimebaki kilo ishirini na moja na nusu, na nina hadi kesho asubuhi. Mke wangu akauliza kwa nini nanusa masufuria. Akaongeza kuwa dada yake anasema mumewe hula chochote na hanenepi. Nikatoka nje nikala tango la tisa kwa hasira.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa kochini, mguu juu ya mito mitatu.

Tulikuwa kumi na mmoja kileleni. Mwenyekiti akapuliza filimbi. Nikatoka wa kwanza! Uzito una faida zake mteremkoni, mtu asikudanganye. Jiwe la kwanza: ngo! Chuma kwa chuma. La pili: ngo! Tairi likasugua kiti chini yangu, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Mwanyumba akanipita kimya kimya, springi yake ikipanda na kushuka. Nina wivu. Haya, nimeandika. Sikutazama njia, niliitazama ile springi, na mbele yangu kulikuwa na mtaro. Shokapu yangu ikabonyea mpaka mwisho, kisha ikaniachia yote kwa mpigo mmoja. Nikatua kichakani, mguu wa kushoto ukiwa chini yangu.

Na mwanyumba akasimama! Zimebaki mita hamsini ashinde, akaitupa baiskeli, akapanda kunifuata, akanibeba mgongoni. Kilo tisini na tatu na nusu. Akauliza kwa pumzi za kukatika kama kweli ni sabini na mbili. Nikamwambia ni viatu. Hatua chache mbele akakanyaga shimo, kifundo kikateguka, akaendelea kunibeba huku akichechemea. Mwenyekiti akatokwa na machozi. Akatangaza kwamba kiongozi wa msafara si mwenye mbio bali mwenye utu. Fulana kapewa mwanyumba. Mke wangu ndiye aliyekwenda kuitoa nyuma ya mlango. Aliipiga pasi kwanza.

Nimelia kidogo. Si kwa ajili ya mguu. Angeanguka yeye, ningembeba mimi, na utu ungekuwa wangu. Hata kuanguka kwangu kumemfaa yeye!

Jumanne, 11 Machi

Zahanati, mimi na mwanyumba, benchi moja, mguu mmoja mmoja. Nikatubu. Nilimshika mkono, nikakiri uzito, rula na mengine yote. Nikasema husuda imenila vya kutosha, leo nimekoma. Akasema yameisha, sisi ni ndugu. Nikajisikia mwepesi, kweli kweli. Nilikaribia kumpenda.

Kisha muuguzi akaleta magongo. Yangu ya mbao, yamechubuka. Yake ya alumini, yanang'aa, na vishikio vya sponji! Nikauliza kulikoni. Muuguzi akasema ya alumini yamebaki ya watu warefu tu, mwenzangu ni mita moja na themanini na mbili. Akauliza, na wewe je?

Nikamwambia mita moja na themanini na tano.

Niko nyumbani sasa. Mabega yamenigusa masikio, makwapa yanawaka moto, na mguu ulio mzima haufiki sakafuni sawasawa. Lakini yake ni ya themanini na mbili tu.