Picha ya Kijivu

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe anastaafu. Duka lake la kutengeneza saa atapewa mkwe mmoja: mimi, au Mwanyumba, mume wa dada wa mke wangu. Leo nimeona tangazo hospitalini. Watafiti wanataka watu wa kupigwa picha za ubongo. Wazo! Twende wote wawili, picha ziamue. Baba mkwe amesema haya, atazitazama. Mwanyumba naye amekubali papo hapo. Maskini.

Jumatano, 6 Machi
Mtafiti, dada mpole mwenye kalamu nyuma ya kila sikio, ametuelekeza. Ndani ya mashine unafanya hesabu nusu dakika, unapumzika nusu dakika, hivyo hivyo mara kumi. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huvuta damu zaidi, na mashine huona. Ajabu kabisa! Nimeuliza maswali kumi na manne. Je, wivu unaonekana? Amenisihi nilale tu nitulie.
Kupumzika? Mimi? Mwanyumba akipumzika, mimi nitaendelea kuzidisha kumi na saba kimya kimya.

Alhamisi, 7 Machi
Tayari. Mashine inagonga kama fundi bati mwenye hasira. Sikupumzika hata kidogo. Nimetoka nimelowa jasho. Mwanyumba katoka akipiga miayo, anakiri kwamba kwenye mapumziko hakuwaza kitu. Nimemhurumia.

Jumamosi, 9 Machi
Balaa! Picha ya Mwanyumba ina mabaka mekundu na manjano. Yangu kijivu kitupu. Baba mkwe amefuta miwani mara mbili, akauliza kwa upole kama nilikuwa hai. Nilitamani ardhi ipasuke.
Mtafiti akafafanua. Rangi huonyesha tofauti kati ya wakati wa hesabu na wakati wa kupumzika. Mimi nilipiga hesabu muda wote, basi tofauti itoke wapi? Tena hata rangi nyingi si akili nyingi. Mwingine huwaka sana kwa sababu kazi imemshinda.
Baba mkwe ameziweka picha kando. Ametupa saa mbovu, kila mtu yake. Atakayeitengeneza vizuri kufikia kesho jioni, duka ni lake.

Jumapili, 10 Machi
Mwanyumba ametuma ujumbe: saa yake inatembea tangu asubuhi. Yangu iko mezani, sijaigusa. Nina kazi kubwa zaidi. Nimemwomba mtafiti anirudishe kwenye mashine. Safari hii kwenye mapumziko sitawaza chochote, niwake mpaka baba mkwe afumbe macho!
Nimeshinda kitandani nikifanya mazoezi ya kutofikiri. Mke wangu amepita, kaitazama saa, kanitazama mimi, kasema sihitaji mazoezi.
Nimemshukuru kwa kunitia moyo.